Fundi Ngoja, Mtu Aliyezuia Lifti

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na ninyi wapangaji wa jengo la ghorofa saba mliokuja kusimama nasi leo, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba uvumilivu, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Imeandikwa na mjane kwa mkono wake, anayewasomea ni kaka yake, yaani shemeji wa marehemu, na kila mahali ambapo shemeji alitaka kupunguza, alikatazwa.

Sababu ya kukatazwa ni hii. Wapo wanaosema kwamba marehemu alikuwa msahaulifu, na hilo ni kweli tupu, wala hapana mtu katika familia hii atakayesimama kulikana, lakini wapo pia wanaosema kwamba usahaulifu wake ulitaka kuua watu, kwamba alirukwa na akili akazuia lifti za watu, na kwamba kila lifti aliyowahi kuigusa ni ya kutiliwa mashaka. Maneno hayo yamemfuata mjane sokoni, kwenye foleni ya maji, na hata juzi alipokwenda kununua sanda, na ameapa kwamba mumewe hatafukiwa pamoja nayo.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1952, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alichelewa wiki mbili kuzaliwa, bila shaka alikuwa amesahau siku. Alianza kutembea mapema na kuzungumza mapema, lakini akitumwa chumvi alirudi na kiberiti, akitumwa kiberiti alirudi mikono mitupu akiwa na maelezo marefu ya jinsi mkanda wa mashine ya kusaga unavyozunguka bila kuchomoka, maana njia ya dukani ilipita hapo mlangoni, na akishasimama hapo, basi tena. Baba yake alimchapa mara mbili tatu akaona haifai, akaanza kumtuma pamoja na dada yake, mmoja wa kuangalia mashine na mmoja wa kukumbuka chumvi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959, na walimu wake wote walimkumbuka, si kwa utundu, kwani hakuwa mtundu, ila kwa sababu alikuwa na tabia ya kufika shuleni siku za likizo, akakaa peke yake darasani robo saa nzima kabla ya kushtuka. Katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mwezi wa kumi na moja 1966, alijibu maswali yote ya hesabu, akakusanya karatasi, akaenda zake nyumbani akipiga mluzi, na karatasi haikuwa na jina wala namba. Mwalimu wa hesabu aliitambua kwa michoro ya magurudumu iliyojaa pembeni, akamfuata hadi nyumbani kwa baiskeli ili aje aandike jina, na alipofika akaambiwa kijana ameshatoka, amekwenda shuleni kufuata viatu.

Alisoma sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi 1971 na 1972, akahitimu fundi umeme wa daraja la pili, na Jumatatu, tarehe 2 Aprili 1973, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa ikifunga na kutunza lifti. Huko ndiko alikopata jina la Ngoja, kwa sababu kila walipomaliza kazi na kupakia vyombo garini, gari likishawashwa, sauti ilitoka nyuma, "Ngoja, ngoja kwanza," naye akaruka chini kufuata kofia, au koti, au chakula chake, na siku moja shati alilokuwa amelivua kwa ajili ya joto. Jina lilimganda. Watoto wake waliitwa watoto wa Ngoja, mkewe akaitwa Mama Ngoja, na kuna barua za benki zilizowahi kufika kwa jina hilo.

Sasa hapa pana jambo ambalo familia inawaomba mlisikilize vizuri. Mwezi wa tano wa kazi yake, Agosti 1973, marehemu alisahau tochi ndani ya shimo la lifti, ikawaka humo siku tatu hadi betri zikaisha, na fundi mkuu wa wakati ule, mzee mkali ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alimweka chini akamwambia maneno ambayo marehemu aliyarudia maisha yake yote: "Wewe akili yako haikai nyumbani, na mimi sina dawa ya hilo. Basi usiitegemee. Tegemea mdomo wako. Kila unachoingia nacho, kitaje kwa sauti, na kila unachotoka nacho, kitaje kwa sauti, na mtu akikucheka mwache acheke."

Tangu siku hiyo hadi siku yake ya mwisho kazini, marehemu alibeba zana zake katika turubai la kukunja lenye mifuko, zana kumi na nne kwa hesabu, spana, bisibisi, koleo, tochi na nyinginezo, na kati ya hizo kumi na nne zilikuwamo nyaya tatu fupi zenye vibanio kila upande, alizozifunga vitambaa vyekundu virefu kama mikia. Waya wa namna hiyo fundi huutumia anapopima, na kazi yake ni kuidanganya mashine iamini kwamba mlango umefungwa hata kama uko wazi. Ni chombo halali, kila fundi wa lifti anacho, lakini ukiachwa mahali pake kazi ikisha, lifti inaweza kuondoka mlango ukiwa wazi na mtu akiwa mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, au mlango ukafunguka pasipo na lifti, mtu akaingia akidhani ni chumba kumbe ni shimo. Kwa hiyo marehemu alihesabu kwa sauti kabla ya kuanza, na kabla ya kurudisha umeme akahesabu tena, moja hadi kumi na nne, akigusa kila moja kwa kidole, na wapangaji wengi waliompita wakadhani anasali.

Kwa miaka thelathini na tisa aliyoitumikia kampuni hiyo, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2012, daftari la ajali halina hata mstari mmoja wenye jina lake. Fundi mwenzake, mama mmoja ambaye wenzake humwita Bi Spana, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa na ambaye yupo hapa leo, ameiambia familia kwamba marehemu angeweza kukuuliza mara tatu asubuhi moja kama mkeo hajambo, na wewe ni mwanamke, lakini ndani ya shimo hakuwa na mzaha.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Februari 1977, na hata hapo usahaulifu wake ulitia saini. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe alifika siku moja kabla, peke yake, akiwa amevaa suti, akamkuta mama mkwe amejifunga kanga kiunoni anafagia ua na baba mkwe yuko juu ya ngazi anapaka chokaa. Mtu mwingine angegeuka akakimbia. Yeye alivua koti, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akashika ufagio, wakafagia hadi jioni, na mama mkwe, Mungu amrehemu naye, akasema huyu hata mkininyima mahari mimi namchukua. Koti alilisahau pale pale kwenye kamba, kwa hiyo kesho yake alikuja rasmi na washenga wake akiwa na shati tu.

Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1978, ambaye sasa ni mfamasia, mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 27 Novemba 1981, ambaye ni dereva wa malori makubwa, na kitinda mimba, binti, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1986, ambaye ni mwalimu. Waliishi miaka yao yote katika nyumba namba kumi na nne, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kutengeneza viatu, nyumba isiyo na lifti, na marehemu alipenda kusema kwamba huko ndiko anakopumzika.

Visa vya nyumba hiyo vingetuweka hapa hadi kesho. Mwaka 1989 alimpeleka mtoto wa kiume kwa kinyozi, akaketi kusoma gazeti akisubiri, gazeti lilipoisha akainuka akarudi nyumbani, akala, akalala kidogo, na mkewe alipouliza mtoto yuko wapi alijibu kwa utulivu, "Si yuko kwa kinyozi?" akavaa viatu akaenda, na huko akamkuta kinyozi, kwa kukosa la kufanya, amemnyoa mtoto mara ya pili. Mwaka 1995 alikwenda kutia barua kwenye sanduku la posta, barua mkono huu, funguo za nyumba mkono huu, akatumbukiza funguo akarudi na barua, na familia nzima ikakaa kwenye ngazi za mtengeneza viatu hadi karani wa posta alipokuja kufungua sanduku saa kumi. Miwani yake imewahi kupatikana ndani ya kopo la sukari, na birika tatu ziliungua katika nyumba ile kwa kuwekwa jikoni bila maji.

Na kuna lile la mashine ya kutolea pesa, ambalo majirani wanalijua kuliko sisi. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi, Oktoba 2004, mashine hizo zikiwa bado ngeni mtaani, naye alikuwa ameonywa na mkewe asije akasahau kadi ndani. Aliishika kadi hiyo kwa vidole viwili ilipotoka, akaibusu, akaitia mfuko wa ndani, akafunga kifungo, akaondoka kifua mbele, na mshahara wa mwezi mzima ukabaki umechungulia kwenye mdomo wa mashine. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alizichomoa noti akamkimbilia akiita, "Baba! Baba, pesa zako!" Marehemu aliguswa sana na uungwana ule, akampa dada yule mwavuli wake amshikie ili apate kuhesabu, akahesabu, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda nyumbani. Mwavuli hatukuuona tena hadi mwaka uliofuata, dada yule alipomwona sokoni akamwita kwa mara ya pili.

Mkewe alimuuliza siku hiyo kwa nini asihesabu nyumbani kama anavyohesabu kazini, akajibu kwamba nyumbani hakuna mtu atakayekufa yeye akisahau. "Nitakufa mimi," akasema mkewe, "kwa presha." Lakini alicheka, na sote tulicheka, maana ndivyo tulivyozoea, na kumcheka Ngoja ilikuwa njia yetu ya kumpenda. Hakuwa mzembe. Akili yake ilikuwa mtumishi mzuri wa kitu kimoja kwa wakati, na vitu vingine vyote vikasubiri foleni.

Kuzoea huko ndiko kulikotuponza, na mjane ameandika sehemu hii kisha akaikata, kisha akaiandika upya. Baada ya kustaafu, marehemu aliendelea kutunza lifti ishirini na sita kwa mikataba yake binafsi, na kuanzia mwaka 2015 usahaulifu wake ulibadilika sura, nasi hatukuona. Zamani alisahau ufunguo ulipo. Sasa aliushika mkononi, akauangalia bila kujua ni wa nini. Tarehe 5 Desemba 2015, tukiwa kwa binti yake mkubwa kwenye chakula cha mchana, alisimama mbele ya mlango wa choo, akashika kitasa, akauliza, "Hiki kinazungushwa upande gani?" Meza nzima iliangua kicheko, shemeji huyu anayewasomea akiwa wa kwanza, akamwambia, "Fundi wa milango ya umeme huyo!" Naye akacheka, lakini alichelewa kucheka, aliangalia nyuso zetu kwanza. Tuliliona hilo na tukaendelea kula. Tunaumia kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, na si majirani walioshindwa kumwona, ni sisi.

Yeye mwenyewe alijua. Tumekuja kufahamu baadaye kutoka kwa Bi Spana kwamba mwezi Februari 2016 alimwendea akamwomba kitu kimoja, kwamba siku akisikia Ngoja amekosea hesabu, asimfiche wala asimwonee haya, amwambie siku hiyo hiyo. Bi Spana alimwambia aache kujitia uzee, lakini akamwahidi. Marehemu hakumwambia mkewe lolote, kwa sababu, hivi ndivyo tunavyodhani, aliogopa tutacheka.

Sasa tunafika kwenye siku inayosemwa. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 9 Juni 2016. Marehemu alitoka nyumbani saa mbili asubuhi kwenda kupima milango ya lifti katika jengo la ghorofa saba, simu yake akiwa ameiacha juu ya friji. Alipanda kwenye kibanda cha mashine kilicho juu ya paa, akafanya kazi yake, na saa nne kasoro alishuka, msimamizi wa jengo akamtilia saini karatasi, wakaagana, na msimamizi naye akaondoka kwenda upande wa pili wa mji kununua taa. Kama alihesabu zana zake kule juu au hakuhesabu, hatujui, na hatutasema tusilolijua. Tunalojua ni kwamba kwenye kituo cha basi, akitafuta miwani, alikunjua turubai akaona mikia myekundu miwili badala ya mitatu.

Muuza magazeti wa pale kituoni anasema hajawahi kumwona mzee akikimbia namna ile, turubai limefunguka, zana zinadondoka, wala hageuki kuziokota. Alifika kwenye jengo, akaingia chini ya ngazi iliko swichi kuu ya lifti, akaizima, na hapo, ndugu waombolezaji, akasahau. Alisahau waya, akasahau paa, akasahau amekimbia kwa nini. Kilichobaki kichwani ni kitu kimoja tu, kwamba lifti hii isitembee.

Basi alisimama. Aliegemeza mgongo kwenye lile sanduku la swichi, akatandaza mikono, na kila aliyekuja kuuliza alimjibu neno moja, "Ngoja." Angeweza kupanda kuangalia kuna nini, lakini alijua akitoka pale mtu atawasha, na hakukosea, kwani kijana mmoja wa ghorofa ya tano alijaribu kumvuta mkono, na marehemu, mtu ambaye hakuwahi kugombana hata na jogoo wa jirani, alimsukuma. Aliomba wampigie simu fundi mwenzake, wakamuuliza jina, jina halikuja, wakamuuliza namba, namba haikuja, na hapo ndipo wakaanza kunong'onezana kwamba mzee amelewa, wengine kwamba amerukwa na akili. Mama mmoja wa ghorofa ya sita, mwenye mifuko miwili ya vitu vya nyumbani na mgongo unaouma, alisimama mbele yake akamwambia, "Mzee, hebu niambie basi, ngoja nini?" Marehemu akajibu, "Sijui, mama. Lakini usipande."

Alisimama hivyo kwa saa sita. Hakukaa, hakunywa maji, hakwenda haja, na suruali yake ikalowa mbele za watu, akabaki pale pale. Mjane ametaka hili lisomwe, kwa sababu limesemwa sana kwa kucheka, naye anataka lisemwe mara moja bila kucheka. Tulipomuuliza baadaye kwa nini hakuketi hata kidogo, alisema aliogopa kwamba akikaa atastarehe, na akistarehe atasahau hata lile moja lililobaki.

Saa kumi jioni mkewe, aliyekuwa amemngoja kwa chakula cha mchana na kukuta simu juu ya friji, alimpigia Bi Spana, na Bi Spana akapitia mikataba hadi akajua alikuwa wapi. Alipoingia chini ya ngazi, marehemu alimtazama uso wote ukafunguka, akasema, "Umekuja. Panda juu wewe, mimi nashikilia hapa." Bi Spana alipanda ghorofa saba kwa miguu, akafungua sanduku la umeme kwenye kibanda cha paa, akaukuta waya wa tatu umebanwa mahali pake, mkia mwekundu umening'inia. Aliutoa, akashuka nao mkononi, na anasema hakumwonyesha kwanza mtu mwingine yeyote. Marehemu aliupokea, akaukunja, akaulaza kwenye turubai, kisha akamkabidhi Bi Spana turubai lote akasema, "Hesabu yangu imekosea. Uliniahidi utaniambia." Naye akamwambia, "Fundi, umekosea." Marehemu hakugusa lifti tena tangu siku hiyo.

Kuna wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, zile nyingine ishirini na tano je? Bi Spana na mafundi wawili wa kampuni walizifungua zote, moja baada ya moja, kuanzia tarehe 13 Juni hadi tarehe 1 Julai 2016, hawakukuta waya wala skrubu iliyosahauliwa, na taarifa yao iko mezani pale kwa atakayetaka kuisoma. Kwa hiyo ni kweli kwamba marehemu alikosea, alikosea mara moja katika karibu miaka arobaini na mitatu tangu ile tochi, na aliyeligundua kosa hilo ni yeye mwenyewe.

Tarehe 21 Julai 2016 daktari bingwa alituthibitishia kwamba marehemu alikuwa na maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu kidogo kidogo, na kwamba yalikwishaanza mwaka mzima au zaidi kabla ya hapo. Kwa miaka miwili na nusu iliyofuata alipoteza kwanza majina, kisha siku, kisha njia ya kwenda chooni ndani ya nyumba aliyoishi miaka arobaini, na mkewe alimwosha, akamlisha, akamvalisha, akajibu swali moja mara thelathini kwa siku bila kupandisha sauti, na pale alipopandisha sauti, anaomba asamehewe. Januari 2019 alianza kukohoa, akalazwa mara mbili, na homa ya mapafu ikamzidi nguvu. Alifariki Jumapili, tarehe 17 Machi 2019, saa nane mchana, katika chumba namba tatu cha wodi ya wanaume, mkewe na binti zake wawili wakiwa wamemshika, siku sita baada ya kutimiza miaka sitini na saba. Mtoto wa kiume alikuwa njiani na lori, akafika saa moja baadaye.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyemwita "fundi" hadi mwisho, mtengeneza viatu wa chini yetu aliyemrudisha nyumbani kila alipopotea bila kutupigia kelele, majirani wa ngazi moja nasi, kampuni yake ya zamani kwa jeneza na usafiri, na Bi Spana, ambaye hatuna neno la kumtosha. Tunamshukuru pia msimamizi wa jengo, kwa sababu juzi alileta msibani daftari la malalamiko la siku ile ya Juni, ambamo wapangaji waliandika majina yao na ghorofa zao na hasira zao, yule mama wa ghorofa ya sita akiwa ameandika ukurasa mzima, na yule kijana wa ghorofa ya tano akiwa ametumia maneno ambayo hayasomeki mbele ya wazee. Wote wawili wamekaa safu ya pili, walikuja jana kwa mjane wenyewe bila kuitwa, na yaliyosemwa ndani ya chumba kile ni yao.

Majina katika daftari hilo ni arobaini na moja. Watu arobaini na mmoja walipanda ngazi siku ile kwa miguu wakimlaani mzee mmoja aliyesimama chini, wengine wakiwa na mizigo, wengine na watoto mgongoni, na wote arobaini na mmoja walifika kwao.

Umechoka kusimama, baba. Lala sasa, upumzike kwa amani.